Faili la muda la malipo linasomwa na kila mwenye akaunti kwenye seva: je, huu ni udhaifu wa kweli?

Kijana wa Pasiansi anauliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninasimamia mifumo ya kompyuta ya chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Mwanza, ambacho wanachama wake wengi ni wachuuzi wa dagaa na sangara katika soko la Mwaloni, Kirumba, pamoja na wenye mitumbwi wanaoleta mzigo pale kutoka visiwani. Kila jioni, hesabu za siku zikishafungwa, seva yetu ya Ubuntu huendesha skripti inayochota kutoka kwenye hifadhidata majina ya wanachama wanaostahili kulipwa, namba zao za simu, salio lao la akiba na kiasi cha malipo, kisha kuyaandika yote katika faili liitwalo /tmp/malipo.csv. Programu ya Java hulisoma faili hilo na kuandaa malipo ya kwenda kwenye simu za wanachama, na mwishowe skripti hulifuta. Kazi yote huendeshwa na cron, yaani kipanga ratiba cha mfumo, kwa akaunti ya root, yenye mamlaka yote.

Hivi karibuni mwanafunzi aliye kwetu kwa mafunzo kwa vitendo, ambaye tulimpa akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka yoyote, alikuja kunionyesha kwamba faili hilo linasomeka. Nilipolitazama kwa amri ya ls -l nilikuta ruhusa zake ni -rw-r--r--, maana yake mwenye faili anaweza kusoma na kuandika, na watu wengine wote wanaweza kusoma. Nilimwandikia mkandarasi aliyetengeneza mfumo, naye akajibu kwamba hakuna tatizo, kwa sababu /tmp, folda ya mafaili ya muda, inalindwa na ile herufi t iliyo mwishoni mwa ruhusa zake, faili lenyewe huishi dakika chache tu, na seva haifikiki kutoka kwenye intaneti.

Ningependa kujua kama hoja hizo zina uzito. Kama hazina, nifanye marekebisho gani ambayo hayatanilazimu kuandika mfumo mzima upya, maana malipo hayawezi kusimama hata jioni moja?

Nyegezi Kona anajibu:

Ndugu yangu, mwanafunzi wako ameona vizuri. Udhaifu wa aina hii unafahamika kiasi kwamba una namba yake katika CWE, orodha ya aina za udhaifu wa programu inayotunzwa na shirika la MITRE: namba 378 inahusu faili la muda linaloundwa na ruhusa zisizo salama, na jirani zake 377 na 379 zinahusu uundaji usio salama wa faili la muda kwa ujumla, na faili la muda kuwekwa katika folda ambayo yenyewe ina ruhusa zisizo salama.

Hoja ya herufi t ndiyo inayowapoteza wengi, kwa hiyo niikalie kidogo. Folda ya /tmp ina ruhusa 1777: kila mtumiaji anaweza kuandika ndani yake, na ile 1 ya mbele, inayoonekana kama herufi t, humzuia mtu kufuta au kubadilisha jina la faili lisilo lake. Kazi yake inaishia hapo. Kusoma hakuzuiwi na herufi hiyo hata kidogo. Kusoma kunaamuliwa na ruhusa za faili lenyewe. Anayeanika dagaa kwenye chanja za pamoja anaweza kuwa na hakika kwamba hakuna atakayezichukua, lakini kila apitaye anaona ni kiasi gani amevua.

Ruhusa za faili lenu zimetokana na umask. Skripti inapoandika faili jipya kwa alama ya >, mfumo huanza na ruhusa 666 (wote kusoma na kuandika), kisha huondoa zile zilizotajwa katika umask. Umask ya 022, ambayo ndiyo ya kawaida kwa root, hukuachia 644, yaani hicho hicho ulichokiona. Hakuna aliyeamua kwamba faili liwe wazi. Hakuna aliyeamua lolote, na mfumo ukatumia desturi yake.

Hoja ya dakika chache nayo haina nguvu. Mtumiaji wa kawaida anaweza kuuomba mfumo umjulishe kila faili jipya linapozaliwa ndani ya /tmp, kwa amri kama inotifywait, na programu yake ikalinakili kabla Java haijaanza kulisoma. Halafu jiulize: intaneti ikikatika katikati ya kazi na programu ya Java ikashindwa, je, ule mstari wa kufuta hufikiwa? Kama skripti imeandikwa isimame panapotokea kosa, faili litalala pale hadi jioni inayofuata.

Kuhusu seva kutofikika kutoka nje, ningependa kuuliza kwanza ni programu gani nyingine zinaendeshwa juu yake. Kila huduma ina mtumiaji wake, na mtumiaji si lazima awe mtu.

Mdau wa Igoma anajibu:

Mnaifanya kazi ndogo ionekane kubwa. Baada ya mstari unaoandika faili, aongeze mstari mmoja tu wa kubadilisha ruhusa: chmod 600 /tmp/malipo.csv. Tangu hapo hakuna atakayelisoma isipokuwa root, na Java inaendeshwa na root huyo huyo. Biashara imekwisha.

Binti Ukerewe anajibu:

Kaka wa Igoma, naomba nikupinge kwa heshima, kwa sababu ushauri huo ndio unaotolewa mara nyingi zaidi na ndio unaoacha tundu likiwa limefunikwa badala ya kuzibwa.

Kwanza, Linux hukagua ruhusa wakati faili linapofunguliwa, si kila mara linaposomwa. Aliyelifungua faili likiwa bado 644, hata kama ni sekunde moja kabla ya chmod, anaendelea kulisoma kupitia mlango alioufungua, na data zote zitakazoandikwa baadaye atazipata. Uchotaji wa data za wanachama wengi unachukua muda, na muda wote huo faili liko wazi.

Pili, na hili ni zito zaidi, jina la faili halibadiliki. Kila mwenye akaunti anajua kwamba jioni litaundwa faili liitwalo /tmp/malipo.csv. Tuseme mtu mwenye nia mbaya analiunda yeye mapema, mchana, likiwa tupu. Skripti ya root ikifika inaandika ndani ya faili ambalo mmiliki wake ni yule mtu. Hata ukiweka chmod 600, maana ya 600 ni kwamba mmiliki anasoma na kuandika, na mmiliki ni yeye! Anaweza kubadilisha namba ya simu ya mwanachama mmoja akaweka yake kabla Java haijasoma, na fedha zikaenda kwake. Kwa hiyo tusiseme tena kwamba hapa tunazungumzia siri za wanachama peke yake. Tunazungumzia fedha zao.

Anaweza pia asiweke faili bali kiungo chenye jina hilo hilo kinachoelekea kwenye faili muhimu la mfumo, ili root alifute na kuandika juu yake kwa mkono wake mwenyewe. Ni kweli kwamba keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ina kinga dhidi ya mbinu hizi. Kinga ya viungo, protected_symlinks, iliingia katika toleo la 3.6 mwaka 2012, na ile ya mafaili ya kawaida, protected_regular, iliingia katika toleo la 4.19 mwaka 2018. Mwuliza swali atazame kama zimewashwa kwa amri hii:

sysctl fs.protected_symlinks fs.protected_regular

Lakini hata zikiwa zimewashwa, matokeo ya faili lililotangulizwa ni kwamba root atakataliwa kuandika na malipo ya jioni hiyo hayatatoka. Mtu yeyote mwenye akaunti ya kawaida anaweza kuwazuia wachuuzi wote kulipwa kwa amri moja ya touch, inayounda faili tupu. Sidhani kama hilo ni jambo la kuvumilia.

Kwa kuwa mfumo wenu una Java, kuna upande mwingine wa kukagua. Programu za Java zilizoandikwa kwa njia ya zamani huita File.createTempFile, ambayo huchagua jina lisilotabirika lakini ruhusa huziacha kwa umask, kwa hiyo faili linazaliwa 644. Tangu Java 7 ya mwaka 2011 ipo Files.createTempFile, yenye s, ambayo kwenye Linux huunda faili lenye 600 tangu mwanzo. Tofauti ni herufi moja, na imewaponyoka hata waandishi wa maktaba kubwa, yaani vifurushi vya msimbo vinavyotumiwa na programu nyingine. JUnit ilirekebishwa katika toleo la 4.13.1 kwa udhaifu uliopewa namba CVE-2020-15250 katika CVE, orodha ya udhaifu uliogunduliwa. Netty ilikuwa ikihifadhi mafaili yanayopakiwa na watumiaji katika /tmp yakiwa wazi kwa wote, hadi toleo la 4.1.59 lilipofunga mlango huo kwa CVE-2021-21290. Guava ilikuwa na CVE-2020-8908 katika createTempDir, kisha CVE-2023-2976 katika FileBackedOutputStream, na kwa hiyo ya pili waandishi wake walishauri watu wahamie toleo la 32.0.1. Fungua orodha ya maktaba za mkandarasi wako uone matoleo anayotumia. Kwa mfumo ambao haujaguswa muda mrefu, nahisi utakuta angalau moja kati ya hizo.

Mdau wa Igoma anajibu:

Dada, hoja ya mmiliki sikuwa nimeipima. Basi aunde faili kwa umask 077 na jina liwe na tarehe na saa.

Mwalimu Buzuruga anajibu:

Umask 077 ndiyo, tarehe na saa hapana. Jina lenye tarehe linatabirika kama lisilo nayo, kwa sababu cron haifichi saa yake kwa anayetazama. Hata namba ya mchakato, ambayo skripti nyingi huiweka kwa alama ya $$, inaweza kubahatishwa kwa kuunda majina elfu kadhaa mapema. Kinachotakiwa ni mambo mawili yatendeke kwa pigo moja ndani ya keneli: jina la bahati nasibu, na sharti kwamba kama jina hilo tayari lipo, uundaji ukatae badala ya kufungua kilichopo. Sharti hilo ndilo liitwalo O_EXCL, na kazi ya maktaba ya C iitwayo mkstemp hulitumia pamoja na ruhusa 600. Nyakati za glibc (maktaba ya C ya Linux) toleo la 2.06 na kurudi nyuma hata mkstemp yenyewe iliunda mafaili kwa 666, ndiyo maana walimu wa rika langu bado wanasisitiza umask kabla yake. Wanaotumia Python waiepuke tempfile.mktemp, ambayo imetangazwa kutofaa tangu Python 2.3, kwa kuwa hutoa jina tu bila kuunda faili; watumie mkstemp au TemporaryDirectory.

Kwa skripti, amri ya mktemp inatosha, na mimi napendelea kuunda folda nzima badala ya faili moja moja. Ndugu wa Pasiansi, jaribu hivi kwenye mashine ya majaribio:

    #!/bin/bash
    set -euo pipefail
    umask 077
    KAZI=$(mktemp -d)
    trap 'rm -rf -- "$KAZI"' EXIT
    ./chota_malipo > "$KAZI/malipo.csv"
    java -Djava.io.tmpdir="$KAZI" -jar malipo.jar "$KAZI/malipo.csv"

Folda inayoundwa na mktemp -d ina ruhusa 700, kwa hiyo ndani yake unaweza kutumia majina ya kawaida bila hofu, kwa kuwa hakuna mwingine anayeweza kuingia. Mstari wa trap unahakikisha usafi unafanyika hata programu ya Java ikianguka njiani, jambo lililomtia wasiwasi ndugu wa Nyegezi, na kwa haki kabisa. Usiutegemee tu pale mtu anapoua skripti kwa kill -9, kwa sababu hapo hakuna nafasi ya kusafisha chochote. Hata hivyo kitakachobaki kitakuwa ndani ya folda iliyofungwa.

Angalia vizuri ile -Djava.io.tmpdir. Wengi huweka kigezo cha mazingira cha TMPDIR wakidhani kila programu itakifuata. Amri ya mktemp hukifuata, lakini Java kwenye Linux hukipuuza na kwenda /tmp moja kwa moja, isipokuwa ukiielekeza hivyo.

Mkipata nafasi, acheni pia kutumia root. Undeni mtumiaji wa mfumo kwa ajili ya kazi hii peke yake, na kazi yenyewe ihamishwe kutoka cron kwenda kwenye huduma ya systemd, msimamizi wa huduma za Linux, yenye ratiba yake, ambayo ndani yake mnaweza kuandika PrivateTmp=yes na UMask=0077. Huduma hiyo hupewa /tmp yake binafsi isiyoonekana na huduma nyingine, na ikimaliza kazi folda hiyo hufutwa.

Neno moja kuhusu yule mwanafunzi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ni kali kwa anayeingia kwenye mfumo bila idhini, na wakubwa wengine, wakishaaibika, huikumbuka haraka. Mwandikieni barua ya kumruhusu kukagua, yenye mipaka ya kazi, kabla hajaendelea kutafuta mengine.

Kijana wa Pasiansi anajibu:

Nawashukuru wote. Shikamoo, Mwalimu. Nimefanya majaribio na naleta taarifa.

Ndugu wa Nyegezi aliuliza ni nini kingine kinaendeshwa kwenye seva. Ipo tovuti ndogo ya PHP ambayo wafanyakazi wa matawi huitumia kuangalia taarifa, nayo huendeshwa na mtumiaji www-data. Nilibadilisha akaunti nikawa www-data na faili la malipo likasomeka bila kizuizi, kwa hiyo hoja ya kwamba ni watu wetu wa ndani tu imekwisha hapo. Kinga zote mbili za keneli zimewashwa. Katika maktaba za mkandarasi nimekuta Guava ya zamani, kama Binti Ukerewe alivyobashiri.

Skripti ya Mwalimu imefanya kazi, lakini imezaa tatizo jingine. Mhasibu wetu, mama mmoja makini sana, alikuwa akilifungua faili hilo kila jioni kulinganisha na daftari lake kabla malipo hayajaenda, na sasa haoni kitu. Mwenzangu ofisini amependekeza tuweke chmod 777 kwenye folda mpya ili mama afanye kazi yake. Nimekataa, lakini sina jibu badala yake. Nilijaribu pia PrivateTmp, nayo ikasababisha programu ya Java, ambayo kwenye mashine ya majaribio nimeiweka kama huduma tofauti, isilione faili kabisa.

Binti Ukerewe anajibu:

Umefanya vema kukataa. Ripoti ya mhasibu haikuwa faili la muda hata siku moja. Ilikuwa hati ya ofisi iliyopangishwa mahali pasipo pake. Itenganishe. Unda kundi la watumiaji liitwalo uhasibu, kisha folda ya kudumu ambayo kundi hilo linaweza kuingia na kusoma, na skripti iweke nakala pale kabla ya kuita Java:

    install -d -o root -g uhasibu -m 0750 /var/lib/ripoti-malipo
    install -o root -g uhasibu -m 0640 "$KAZI/malipo.csv" /var/lib/ripoti-malipo/leo.csv

Amri ya install haitegemei umask kwa ruhusa za mwisho, ndiyo maana naipenda kuliko cp ikifuatiwa na chmod. Mama atasoma, hataweza kubadilisha, na www-data hataona hata orodha ya majina. Kama ukaguzi wake ni sharti la malipo kuendelea, basi kazi igawanywe sehemu mbili na Java isubiri idhini yake, lakini huo ni uamuzi wa chama, nami nisiuingilie.

Kuhusu PrivateTmp, ilichokifanya ndicho ilichoagizwa: huduma mbili, /tmp mbili. Ama ziunganishe kuwa huduma moja, ama uache kutumia /tmp na uzipe zote mbili folda chini ya /run kwa RuntimeDirectory=malipo, RuntimeDirectoryMode=0700 na RuntimeDirectoryPreserve=yes (ili folda isifutwe huduma moja inapomaliza), zikiendeshwa na mtumiaji mmoja. Kwa mfumo wa ukubwa wenu ningeziunganisha.

Nyegezi Kona anajibu:

Nakubaliana na dada. Ningeongeza jambo ambalo halijatajwa: chelezo. Seva nyingi nilizozikagua hapa mjini hunakili diski nzima kila usiku, pamoja na /tmp na /var/tmp, na nakala hubeba ruhusa za faili la awali. Kama jioni fulani malipo yalikwama na faili likalala, basi yawezekana lipo hadi leo kwenye diski ya nje, likisomeka na yeyote atakayeichomeka. Tafuta kwanza kwenye seva yenyewe:

find /tmp /var/tmp -type f -perm /o+r -ls

Kisha rudia utafutaji huo huo kwenye chelezo, na uziondoe folda hizo mbili katika orodha ya vinavyonakiliwa.

Usimalize jambo hili kimya kimya na mkandarasi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na anayewajibika mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni chama chenu, si fundi aliyeandika skripti. Uongozi ujulishwe kwa maandishi, pamoja na tarehe ambayo marekebisho yameanza kufanya kazi.

Kijana wa Pasiansi anajibu:

Nimeendesha utafutaji kwenye diski ya chelezo na nimekuta mafaili ya malipo ya jioni kadhaa ambazo mtandao ulikatika, yote yakiwa 644. Diski imefungiwa kabatini na ufunguo uko kwa meneja hadi tutakapozifuta nakala hizo. Huduma mpya iliyounganishwa itaanza kutumika Jumatatu, ikiwa na mtumiaji wake asiye root, na mhasibu ameshaifungua ripoti yake kwenye folda mpya bila shida. Mkandarasi amekubali kupandisha Guava, ingawa bado anashikilia kwamba herufi t ingetosha.